Tandala Mkubwa na Tandala Mdogo: Si Mtu na Mwanawe

Juma hili tuache kidogo habari za kuku na mbolea, maana nina deni la jibu, na deni halilali.

Kijana mmoja wa kijiji cha upande wa Namtumbo alikwenda kufanya kazi ya barabara huko Same, mkoa wa Kilimanjaro. Aliporudi likizo aliwasimulia watu wa nyumbani kwamba karibu na mbuga ya Mkomazi alimwona tandala akivuka njia. Akaeleza kwamba kimo cha mnyama yule kilimfika kifuani tu, kwamba ubavuni ana mistari myeupe mingi, na shingoni mna mabaka mawili meupe. Baba yake, mzee aliyewinda kwa leseni siku zake, naye analijua pori kuliko mimi ninavyoijua rejesta ya ubatizo, akacheka mbele ya wageni. "Huyo ni pongo, mwanangu. Tandala ninamjua mimi." Kijana akaona ameitwa mwongo mezani kwa baba yake. Siku tatu hawakusemezana vizuri. Mwishowe mama mtu akachoka, akawatuma waje ofisini kwangu, kana kwamba anayeandika vizazi vya watu anaandika na vizazi vya wanyama!

Basi, msomaji, jibu lenyewe si gumu. Tandala wako wa namna mbili. Yuko tandala mkubwa na yuko tandala mdogo, na huyu mdogo si mtoto wa yule mkubwa. Hata akizeeka na kufa kwa uzee, atakufa tandala mdogo. Mzee wetu wa Namtumbo ameishi miaka yake yote katika nchi ya tandala mkubwa. Mwanawe alisimama katika nchi ya tandala mdogo. Kila mmoja alisema aliyoyajua.

Wataalamu wa wanyama, ambao hupenda kumpa kila kiumbe jina la Kilatini ili Mjerumani na Mjapani wasikosane, wamewapa hawa wawili majina yenye kueleza vizuri. Mkubwa aliandikwa mwaka 1766 na Mjerumani Peter Simon Pallas kwa jina la strepsiceros, neno la Kiyunani lenye maana ya pembe zilizosokotwa. Mdogo alipata jina lake mwaka 1869 kwa Mwingereza Edward Blyth, naye alimwita imberbis. Wazee waliotumikia Misa ya Kilatini watanisaidia hapa: barba ni ndevu, na imberbis ni asiye na ndevu. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuwatofautisha. Dume la tandala mkubwa lina ndevu ndefu zinazoning'inia toka kidevuni hadi chini ya shingo, kama za beberu aliyezeeka. Dume la tandala mdogo halina kitu. Koo lake ni laini.

Ukubwa wao haukaribiani hata kidogo. Dume la tandala mkubwa lina kimo cha sentimeta 120 hadi 150 begani, na uzito wake hufika kilo 190 hadi 300 na zaidi kidogo. Likisimama karibu nawe, bega lake liko sawa na kidevu chako, kichwa kiko juu yako, na pembe ziko juu ya kichwa. Tandala mdogo, dume lake, kimo chake ni kama sentimeta 100 tu begani, na uzito wake ni kama kilo 100. Jike lake ni jepesi zaidi, kilo 60 hivi, yaani mtu mzima mwembamba.

Pembe ni za madume tu, kwa hawa wote wawili. Za mkubwa zimejipinda mara mbili na nusu, pengine karibu mara tatu, na ukizipima kwa kamba kufuata msokoto wake utapata kama sentimeta 120. Za fahali walio bora hupita hapo mbali. Za mdogo nazo zimejipinda mara mbili na nusu hivi, lakini ni fupi na nyembamba, sentimeta 60 hadi 90. Hazioti kwa siku moja. Mtoto dume wa tandala mkubwa huanza kuonyesha ncha kabla ya kutimiza mwaka, msokoto wa kwanza humalizika kama akiwa na miaka miwili, na mpaka pembe zitimie huwa na miaka sita hivi. Tena hazidondoki. Kuna paa wa Ulaya ambao pembe zao huanguka kila mwaka na kuota upya, lakini tandala hupewa pembe mara moja; ikivunjika, imevunjika.

Sasa majike. Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana jike halina pembe wala ndevu, na jike changa la tandala mkubwa laweza kuwa na kimo cha tandala mdogo. Utamjuaje? Tazama shingo. Tandala mdogo, dume kwa jike, ana mabaka mawili meupe kooni, moja juu karibu na taya na jingine chini karibu na kifua. Tandala mkubwa hana. Kisha hesabu mistari ya ubavuni kama mnyama atakupa nafasi, na mara nyingi hatakupa. Mdogo ana mistari 11 hadi 15, imenyooka na inaonekana wazi kama iliyochorwa kwa chokaa. Mkubwa ana kama sita hadi kumi, nayo huwa imefifia. Jike la tandala mdogo na watoto wake wana rangi nyekundu ya udongo. Dume likikua hugeuka kijivu.

Na sasa unaona ugomvi wa Namtumbo ulikotoka. Pongo, ambaye wengine humwita mbawala, ni wa ukoo huohuo wa wenye pembe za msokoto, naye pia ana weupe shingoni! Mzee aliposikia mnyama wa kimo cha kifua mwenye mabaka kooni, akili yake ilimpeleka kwa mnyama aliyemzoea, yule anayekula maharage yetu bondeni usiku. Lakini pongo ni mdogo zaidi, kama kilo 40 hadi 80, pembe zake zina msokoto mmoja tu na ni fupi, na mwilini ana madoa zaidi kuliko mistari. Nilipomwuliza kijana pembe zile zilijipinda mara ngapi, akachora kwa kidole juu ya meza yangu: mara mbili, na tena kidogo. Mzee akatazama kidole kile, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, huko Same mungu wao wa mvua ni bahili, hata tandala wao hawakui." Mwanawe akacheka. Nadhani hiyo ilikuwa namna ya mzee ya kumaliza neno.

Wala hakuwa mbali na ukweli, maana mvua inahusika. Tandala mdogo ni mnyama wa nyika kavu, pale penye vichaka vya miiba vilivyoshikamana. Nchi zake ni Somalia, Ethiopia, Kenya na Tanzania, pamoja na pembe ya Uganda ya kaskazini mashariki na Sudani ya Kusini. Hapa kwetu yuko Mkomazi, yuko Tarangire, na upande wa kusini anafika hadi nchi ya Ruaha. Baada ya hapo miombo inaanza, naye hapendi miombo. Aweza kukaa siku nyingi bila kunywa, akipata maji yake katika majani. Tandala mkubwa ameenea mbali sana, toka Chad na Ethiopia hadi Afrika Kusini, naye hupenda vilima, miti na mahali pa kujificha. Ndiye wetu. Yuko katika Selous, ambayo sehemu yake kubwa ya kaskazini ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na yuko katika mapori yale yanayounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji, yaani mapori ya vijiji vya Namtumbo na Tunduru, kama Mbarang'andu na Nalika. Ukitaka kuwaona wote wawili katika nchi moja, nenda Ruaha, hifadhi iliyowekwa mwaka 1964. Pale miombo ya kusini na miiba ya kaskazini inakutana, na matandala wawili wanakutana pamoja nayo.

Kwa kuwa wanafanana hivi, utasema ni ndugu wa tumbo moja, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mimi nami ningesema hivyo. Lakini wataalamu wa siku hizi wanaochunguza damu na chembe za urithi wamegundua jambo la kushangaza. Ukoo wa pembe za msokoto una wengi: pofu, pongo, nzohe wa vinamasi, bongo wa misitu, nyala wa kusini, nyala wa milima ya Ethiopia, na hawa matandala wawili. Tandala mdogo ni mmoja wa wale waliojitenga na ukoo mapema kabisa, zamani sana. Tandala mkubwa alibaki pamoja na wengine muda mrefu zaidi. Maana yake ni hii: tandala mkubwa ana undugu wa karibu zaidi na pofu, yule mnene kama ng'ombe, kuliko alio nao na huyu mdogo wanayeitwa kwa jina moja! Wataalamu wengine hata wamemtoa tandala mdogo katika jamii ya wenzake na kumpa jina lake peke yake, Ammelaphus. Sisi tuliowapa jina moja hatukufanya kosa; tulitazama pembe na mistari, navyo kweli vinafanana. Hata katika vijiji vyetu wako watu wanaofanana nyuso bila kuwa na babu mmoja, na wako ndugu wa baba mmoja usiowadhania.

Maisha yao ya kila siku hayapishani sana. Wote hula majani, machipukizi na matunda ya miti kuliko nyasi. Majike hutembea pamoja na watoto wao. Ya mkubwa huwa sita au kumi, ya mdogo mawili au matatu. Madume hukaa mbali nayo sehemu kubwa ya mwaka. Dume la tandala mdogo hupenda kuwa peke yake, la mkubwa hushirikiana na madume wenzake. Mimba huchukua miezi saba hadi minane. Jike hujitenga kuzaa na kumficha mtoto nyasini kwa siku nyingi, likimrudia kumnyonyesha. Ukimkuta mtoto wa tandala amelala peke yake, usimchukue ukidhani ni yatima. Mama yake yuko karibu, anakungoja uondoke.

Wote wawili wana masikio makubwa ajabu, na wote huruka sana. Ua wa kimo cha meta mbili tandala mkubwa huuvuka bila taabu. Anaposhtuka hubweka kwa sauti nzito, kisha hukimbia mkia umekunjwa juu ukionyesha weupe chini yake. Dume likipita msituni huinua pua na kulaza pembe mgongoni, ili matawi yasizikamate. Pembe zile zina hatari yake pia. Madume mawili yakipigana, msokoto wa moja huweza kuingia katika msokoto wa jingine na kushikana kabisa, yasiweze kuachana, mpaka yote mawili yafe kwa njaa na kiu.

Liko jambo moja la chakula chao ambalo napenda ulijue, kwa sababu linatufundisha jinsi mti ulivyo na akili. Katika miaka ya 1980 huko Transvaal, Afrika Kusini, wenye mashamba walizungushia wanyama nyua ili wawafuge na kuwauza kwa wawindaji. Ukaja ukame. Matandala wakubwa wakaanza kufa, kwa maelfu, na walipopasuliwa matumbo yalikutwa yamejaa majani! Profesa mmoja wa Pretoria, Wouter van Hoven, akalichunguza jambo hilo. Aliona kwamba miti ya miiba ikiliwa sana huongeza tanini katika majani yake, ile dawa chungu ambayo watengenezaji wa ngozi hutumia. Tanini ikizidi tumboni, chakula hakisagwi. Tandala aliye huru hula kidogo katika mti huu, akasogea, akala kidogo katika mwingine. Aliyefungiwa hana pa kusogea, hurudia mti uleule uliokwisha kumkasirikia. Wafugaji wa mbuzi katika mazizi madogo wataelewa ninachosema.

Turudi kwenye pembe, maana ndizo zinazowaletea hawa wanyama sifa na msiba. Ndani ya pembe mna mfupa. Mnyama akifa na mfupa ukioza, pembe hubaki wazi kama bomba, na ukitoboa mahali pa kupuliza hutoa sauti ya kufika mbali. Wayahudi wa Yemen wamezoea kutengeneza baragumu zao za sikukuu kwa pembe ya tandala mkubwa, ingawa Wayahudi wengi hutumia ya kondoo dume. Hata chama cha Skauti kilianza kwa pembe hiyo: mwaka 1907, katika kambi ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, Baden-Powell aliwaamsha wavulana kwa pembe ya tandala aliyoipata katika vita vya Wamatabele mwaka 1896, nchi ambayo leo ni Zimbabwe.

Lakini hapa lazima niseme wazi na wakuu wa nyumba. Pembe ya tandala iliyotundikwa sebuleni, hata kama uliiokota tu porini, ni nyara ya Serikali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haiulizi kwanza kama uliua. Inauliza kibali chako kiko wapi. Mtu asiye na kibali hufikishwa mahakamani, na adhabu zake si za mchezo. Ukiikuta pembe, iache, au toa habari kwa ofisi ya kijiji au askari wa wanyamapori. Kwa wenye leseni pia, leseni hutaja mnyama kwa jina. Aliyeandikiwa tandala mkubwa hakuandikiwa mdogo, wala aliyeandikiwa pongo hakuandikiwa tandala mchanga. "Nilidhani" si neno linalopunguza kifungo, na watoto wanaobaki nyumbani bila baba hawali neno hilo.

Idadi yao? Hesabu iliyotolewa mwaka 1999 ilikisia tandala wakubwa kama 482,000 katika Afrika nzima, na wadogo kama 118,000. Mkubwa hayumo katika hatari kwa sasa. Mdogo amewekwa katika orodha ya wale wanaokaribia hatari, kwa sababu vichaka vyake vinafyekwa na mifugo inaongezeka. Magonjwa nayo yamewapiga. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ulioteremka Afrika toka kaskazini hadi kusini katika miaka ya 1890, haukuua ng'ombe peke yao. Uliwafagia nyati, pofu na matandala. Ukazuka tena Tsavo, Kenya, mwaka 1994, ukaua tandala wadogo wengi sana. Mwaka 2011 mataifa yalitangaza kwamba sotoka umekwisha duniani, kwa sababu ya chanjo za ng'ombe zilizochanjwa kwa miaka mingi. Bwana mifugo alipokuwa akichanja zizi la mtu, alikuwa akimkinga na tandala wa porini bila mwenyewe kujua.

Liko na kichaa cha mbwa. Huko Namibia, tangu mwaka 1977, ugonjwa huu uliwaingia tandala wakubwa, ukaambukizana baina yao wenyewe, ukaua maelfu. Tandala mwenye kichaa huacha woga. Huja karibu na nyumba, hutokwa na mate, hupepesuka, huonekana mpole kama mbuzi wa bibi. Kwa hiyo, akina mama, waambieni watoto: mnyama wa porini anayekubali kuguswa ni mgonjwa, asiguswe. Mate yake yakiingia katika jeraha, lioshwe upesi kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali siku ileile kuchomwa sindano. Asingoje kuona kama ataugua, kwa maana akishaanza kuugua hakuna dawa. Na mbwa wa nyumbani wachanjwe kila mwaka.

Vivyo hivyo nyamafu. Tandala aliyekutwa amekufa, hata kama nyama inaonekana safi na njaa ya Februari iko mlangoni, asichunwe wala asiliwe. Kimeta hukaa katika damu yake, na mwenye kumchuna hukipata kwa mikono kabla mwenye kumla hajakipata kwa mdomo. Mwacheni hapohapo, mkatoe habari.

Msomaji wa Tunduru ameuliza kama ni kweli nzohe aweza kuzama majini na kubakiza pua peke yake nje. Ni kweli. Habari zake tutazieleza juma lijalo.